Swali la Nyuma ya Pazia

Discovery Gardens, Dubai
17 Novemba 2023

Baba yangu mpenzi, Sharifu Mahfudh,

Assalaam aleikum. Nabusu mkono wako, ingawa najua leo ungeuvuta. Hali yako? Goti je, bado linakusumbua ukishuka ngazi za msikiti? Na sukari unaipima, au unamdanganya daktari kama kawaida yako? Mimi kwa afya sijambo, alhamdulillahi.

Kila Ijumaa napiga simu, na kila ukisikia sauti yangu unakata. Basi nimekumbuka unavyowaambia watu wanaokuja kwako: maneno ya ndoa hayasemwi kwa simu, yaandikwe. Nimeyaandika. Anayekuletea ni Zein, yule kijana wa Malindi anayekuja huku kununua nguo za dukani kwake. Usimgombeze, yeye ni mchukuzi tu.

Baba, ile siku niliyokuaga kwamba nakwenda Mombasa kwa Shangazi, nilikuwa na tiketi ya Dubai kwenye mkoba. Ubeid alikuwa ametangulia huku. Nimeolewa naye. Ubeid wa Bi Mishi, yule yule uliyemkataa mara mbili kwa sababu binti wa Kisharifu haolewi na asiye Sharifu, asiye wa ukoo wa Mtume.

Usidhani tuliokotana tu. Tulikwenda mtaa wa Rashidiya, huku huku Dubai, kwa mzee mmoja wa Kingazija anayewaozesha watu, tukakaa sebuleni kwake, mashahidi wakiwa Zein na Aiman anayefanya kazi na Ubeid. Mzee akaniuliza, walii wako wa kukuozesha yuko wapi? Nikamwambia yuko Mambrui, amekataa, na masafa yamepita. Akacheka. Akaniuliza haya ya masafa nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa baba yangu.

Si kweli? Nani katika pwani yetu yote hajui kwamba ukimpenda mtu na baba yako akakataa, unapanda gari usafiri hadi umbali wa kufupisha sala, unabisha kwa Sharifu Mahfudh wa Mambrui akuozeshe badala yake? Wangapi walikuja kwetu, kutoka Mombasa, kutoka Lamu, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa kahawa. Ulikuwa ukimpeleka msichana peke yake nyuma ya pazia la ukumbini, unamwuliza kwa sauti ya chini, "Umetoroka au umetoroshwa?" Akisema ametoroshwa, unatuma mtu kwao waje wamchukue. Akisema ametoroka mwenyewe, kwa hiari yake, unaniita nilete halua.

Basi hebu jifanye niko nyuma ya lile pazia. Nimetoroka, Baba. Kwa miguu yangu na akili zangu.

Ubeid anakusalimu sana. Anaogopa hata kuandika jina lake hapa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Shifaa


Mambrui
9 Januari 2024

Kwa Shifaa binti Mahfudh,

Waaleikum salaam. Goti halijambo. Sukari imepanda, na sababu unaijua, huhitaji daktari.

Barua yako nimeisoma. Umeandika vizuri, hilo nitakupa. Lakini umejifunza nusu ya somo ukaondoka kabla ya nusu ya pili, kama ulivyozoea tangu chuo cha Kurani. Masafa yanamsaidia msichana ambaye baba yake hafikiki, au amekataa bila sababu. Mimi nilikuwa hapa, nafikika, na sababu nilikuwa nayo. Kufu, mume kuwa sawa na mke kwa nasaba, ni haki ya walii. Kwa hivyo lililofanyika Rashidiya mimi sina jina lake. Ndoa siwezi kuliita.

Kuhusu lile swali langu, usilichezee. Hujui kwa nini naliuliza. Msichana aliyetoroshwa ni mtu aliyechukuliwa. Watu wake watakwenda kumchukua, watalia, watamwogesha, na mwaka hautapita atasahauliwa habari yake na kuposwa na mwingine. Msichana aliyetoroka amefunga mlango mwenyewe kwa nje. Jina lake halitajwi tena mbele ya baba yake. Nimeona wazee wenzangu wakiulizwa una watoto wangapi, wanahesabu, wanamruka mmoja.

Huku mjini wanasema umetoroshwa. Nimewaacha waseme. Mimi sikulitamka, lakini sikulikanusha, na wanaume kadhaa wamenipa mkono wa pole kana kwamba nimeibiwa. Wewe pia kaa kimya. Ukirudi, utarudi kama mtu aliyechukuliwa.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema una kichwa changu. Nilikuwa nikifurahi.

Baba yako


Discovery Gardens, Dubai
2 Machi 2024

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua inakukuta mzima, na kwamba unakula. Shangazi ameniambia kwa simu umeanza kuacha chakula cha usiku. Baba, wewe si kijana wa kugoma kula.

Niseme habari zetu. Tunakaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, upande mmoja sisi, upande wa pili dada wawili wa Kenya bara. Mmoja, Everlyn, ni mlinzi kwenye jengo la maduka. Mimi nafanya kazi saluni, napaka hina na ile rangi nyeusi ya piko. Mabibi harusi wa kila taifa wananinyooshea mikono. Ubeid yuko bandari ndogo ya Deira, anakagua mizigo inayopakiwa kwenda Mombasa na Berbera: mafriji, magurudumu, magodoro. Anarudi amekauka kwa jua, lakini anaimba akioga, na sauti yake ni mbaya kama ulivyoisikia kwenye maulidi.

Nilimsimulia Everlyn barua yako. Akanishangaa. "Sis, kwani baba yako anataka useme uliibiwa? Kule kwetu Vihiga msichana akienda, ameenda. Kesho yake wale watu wa kijana wanatuma mtu kwa wazazi wake aseme, msimtafute, yuko kwetu, yuko salama. Hapo watu wanalala, mambo ya posa yanafuata pole pole." Nikamwambia kwetu hatuna mtu wa kutumwa. Akasema basi ndiyo maana mnaumia.

Baba, nisikilize sasa, hili ndilo nililoandikia. Nina mimba. Miezi miwili na kidogo. Hospitali wameniuliza cheti cha ndoa, na mimi nina karatasi ya mkono wa mzee wa Kingazija tu. Hata bila ya hospitali, sitaki mtoto wako (ni wako pia) azaliwe huku babu yake anasema hajui jina la kilichomleta.

Umesema ndoa haikusimama kwa sababu hukuwepo. Basi kuwepo. Mpe Zein uwakala, maneno mawili tu, "nimekufanya wakala wangu umwoze binti yangu Shifaa kwa Ubeid," na tutaoana upya siku hiyo hiyo. Umewapa watu wengine uwakala kwa mabinti wasiokuhusu. Mimi nakuomba kidogo kuliko walichoomba wale.

Zein atakaa kwenu wiki nzima. Atakuja kukuaga kabla ya kuondoka.

Mwanao,
Shifaa


Discovery Gardens, Dubai
20 Juni 2024

Baba,

Assalaam aleikum. Zein alirudi mikono mitupu. Akasema ulimpa chai, ukamwuliza habari za biashara, ukaagana naye. Nilingoja mwezi wa nne, nikangoja wa tano. Sasa huna haja ya kumpa mtu uwakala.

Ubeid amekufa. Jumatatu. Kamba ya winchi ilikatika na mzigo wa mafriji ukawaangukia wawili, yeye na Mhindi mmoja. Mhindi amevunjika nyonga, yuko hai. Aiman ndiye aliyekuja kuniambia saluni. Nilikuwa nampaka piko bibi harusi wa Kisudani, nikamaliza kidole kilichobaki kwa sababu sikuelewa ninachoambiwa. Walimzika huku huku, siku ya pili, baada ya alasiri. Sikumwona. Waliniambia nisimwone.

Baba, sikuandika kulia. Nimekulilia vya kutosha katika zile simu ulizokata. Nimekuandikia masala, swali la sheria ya dini, kama watu wanavyokuletea, na nataka jibu la mtu mwenye elimu.

Mwanamke aliyeozwa na mzee wa Rashidiya, baba yake akakataa, mumewe akafa, anakaa eda au hakai?

Kama ni mjane, nijue. Nivae nguo zisizo na urembo, nisitoke ila kwa dharura, mpaka nijifungue, maana eda ya mwenye mimba ni kujifungua. Hilo ulinifunza wewe. Na kama si mjane, niambie basi mimi ni nani. Nimegeuza kioo kikatazama ukuta. Everlyn ameuliza kwa nini.

Na lingine. Madam mwenye saluni hanipi ruhusa zaidi ya siku tatu. Nikirudi kazini napaka hina mikono ya watu, na vidole vyangu vinashika rangi hata nikivaa glavu. Mjane hapaki hina. Rangi inayobaki kwa kupaka wenzangu, ni dhambi? Naisugua kwa limau mpaka ngozi inatoka.

Mwambie Bi Mishi kwamba hakuteseka. Najua hamsalimiani, lakini vuka njia umwambie. Si mbali, Baba. Ni nyumba tatu.

Shifaa


Mambrui
4 Julai 2024

Mwanangu Shifaa,

Waaleikum salaam warahmatullah. Mungu akupe subira, na amsamehe kijana. Nasema hivyo kwa moyo safi. Nilisimama kwenye sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, aliyosaliwa hapa. Nilikuwa safu ya nyuma, lakini nilikuwepo.

Sikuvuka njia. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa kwa Bi Mishi na ningeleta maneno. Shangazi yako amekwenda kwa niaba yangu na sinia ya mahamri.

Nakuandikia kama baba, si kama mwenye vitabu, kwa hivyo masala yako nayaweka kando. Sikiliza kwanza. Wewe uko nchi ya watu, peke yako, na tumbo. Kibali chako cha kukaa kina mwisho. Mtoto atazaliwa hospitali gani, kwa karatasi gani? Rudi nyumbani. Chumba chako kiko vile vile. Nimemwita fundi amekipaka chokaa na kuondoa yale mapopo ya darini uliyokuwa ukiyaogopa.

Lakini sikufichi. Ili urudi hapa na uishi hapa, liko neno la kusema. Nimezungumza na watu wazima wawili watatu. Wamekubali yaishe. Utakuja, utakaa nyuma ya pazia, nitakuuliza lile swali mbele yao, nawe utajibu kwamba ulitoroshwa. Basi. Hakuna atakayekuuliza la pili. Mji huu unamsamehe msichana aliyechukuliwa. Mtoto atalelewa ndani ya nyumba yangu, ataitwa mtoto wa nyumba yangu, na mtu akimnyooshea kidole ataniona mimi kwanza.

Najua utasema ni uongo juu ya maiti. Shifaa, yeye amekwisha fika kwa Mwenye kujua ukweli. Neno letu halimpunguzii kitu. Wewe ndiye ungali huku, na kuishi huku kuna masharti yake. Mimi ni mzee, sukari inanila miguu, nataka nikuone kabla sijawa mtu wa kuongozwa kwa mkono. Sema hilo neno moja. Nakuomba, na mimi sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako akungojaye


Discovery Gardens, Dubai
28 Julai 2024

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Miguu inaliwaje na sukari na huku Shangazi anasema unakunywa chai ya tangawizi na sukari ya vijiko vitatu? Acha, tafadhali. Mimi nimevimba miguu pia, tumbo ni kubwa, na mtoto anapiga teke kila Everlyn akifungulia redio ya nyimbo za kanisa.

Nimeisoma barua yako kwa siku nyingi. Nilipofika pale pa chokaa na mapopo nililia mpaka Everlyn akaja kukaa nami kitandani. Nakupenda, Baba. Kama ningekuwa naweza kulisema hilo neno, ningelisema kwa sababu ya mapopo tu.

Lakini acha nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana hujawahi kuniuliza.

Ulipomkataa mara ya pili, Ubeid alinikuta kwa Bi Mishi akaniambia atangoja mwaka, halafu ataleta posa ya tatu. Alisema, "Sharifu ni mtu wa haki, akiniona sichoki atanipa." Alikuwa na kazi yake duka la vifaa vya ujenzi Malindi, tajiri wake akimpenda. Hakutaka kwenda popote. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilimwambia wewe hungelainika, nilimwambia habari ya masafa, nilimwambia Dubai iko mbali mno hata huwezi kutufuata, na kule hakuna anayejua Sharifu ni nani. Alikataa. Nikaacha kuongea naye. Nilijua hawezi kustahimili, na kweli hakuweza. Nikamtafutia kazi ya bandarini kupitia kwa Zein. Siku ya kuondoka kwake alimbusu mama yake mara mbili, akarudi mlangoni akambusu ya tatu, nami nilikuwa upande wa pili wa njia namwonyesha kwa mkono afanye haraka.

Umefahamu, Baba? Kama katika sisi wawili yupo aliyetoroshwa, ni yeye. Mimi ndiye niliyemtorosha. Nimemtoa kwa mama yake nikamleta chini ya ile winchi. Kila siku naamka na hilo kabla sijafungua macho. Halafu nije nikae nyuma ya pazia lako niseme ni yeye aliyenichukua? Na Bi Mishi, nyumba tatu kutoka kwako, asikie? Mwanawe hana kaburi pale. Hana picha ya harusi. Kilichobaki chake duniani ni hiki kinachonipiga teke, na jina la kuwa alikuwa mume wa mtu. Ukiliondoa hilo atakuwa mwizi aliyekufa ugenini.

Kwa hivyo sisemi. Lakini nataka kuja nyumbani, wallahi nataka. Sina pengine. Madam amesema nikijifungua nafasi yangu atapewa mwingine. Nakuomba hivi: nifungulie kama mjane. Ndilo tu. Siku nitakayoshuka, Shangazi anipokee na kanga nyeupe kama anavyopokewa mke aliyefiwa, na wewe usimame mlangoni. Huna haja ya kusema lolote mbele ya watu. Ukisimama watafahamu.

Na jibu masala yangu. Bado sijui kama nakaa eda au najifungia chumbani tu.

Mwanao,
Shifaa


Mambrui
2 Agosti 2024

Mwanangu Shifaa,

Assalaam aleikum warahmatullah. Barua yako haijanifikia. Zein amekawia, lakini kimya chako nimekifahamu kuwa ni haya, na haya kwa msichana ni jambo jema. Nimeona nikuondolee mzigo.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, nikasema machache. Nilisema, "Ndugu zangu, binti yangu Shifaa alitoroshwa. Mimi baba yake nimemsamehe, na anarudi." Walinijia wote kunipa mkono. Wengine walikuwa na machozi. Mimi pia nilikuwa na machozi, kwa furaha.

Kwa hivyo hutakaa nyuma ya pazia. Hutaulizwa kitu na yeyote. Nimelisema mimi, limekwisha.

Jambo dogo. Upande wa wanawake palikuwa na Bi Mishi. Sikujua. Huwa haji Ijumaa, sijui nini kilimleta leo. Shangazi yako anasema aliinuka polepole, akavaa viatu vyake, akampita bila kumsalimia. Itapita. Ni uchungu wa mfiwa.

Nitumie siku ya ndege yako. Nitakuja Mombasa mwenyewe, na goti langu.

Baba yako


Dubai
25 Agosti 2024

Baba,

Waaleikum salaam.

Barua zetu zimepishana njiani. Sasa utakuwa umeisoma yangu.

Bi Mishi alinipigia simu ile ile Ijumaa. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kweli ulimwambia baba yako hivyo?" Nikasema sikusema. Akasema, "Lakini limesemwa." Amefunga nyumba. Shangazi atakuwa amekwambia.

Umelisema, basi khalas. Siwezi kushuka kwenye gari Mambrui nikawa kitu kingine isipokuwa ulichowaambia. Nikivaa nyeupe watasema ninaigiza. Mtoto akiuliza baba yake, watamwonyesha lile ulilolisema.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Ningekuwa na nafuu kama ungefanya kwa chuki.

Ile habari ya kwao Everlyn, ya mtu anayetumwa kwa wazazi, unaikumbuka? Mimi sina wa kumtuma, kwa hivyo natuma barua hii. Usinitafute. Ile sehemu ya pili ya maneno yao, ile ya kusema yuko salama, siwezi kukuandikia, kwa sababu hukunilea niseme uongo.

Kunywa dawa zako.

Shifaa


Mambrui
14 Machi 2025

Mwanangu Shifaa, mama yangu, kipenzi changu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo? Mtoto hajambo? Ni mwanamke au mwanamume? Umempa jina gani? Naandika maswali haya kwa mazoea, kama mtu anayebisha nyumba ambayo taa zimezimwa.

Hii ni barua ya tano tangu ile yako. Zilizotangulia Zein amenirudishia zote. Anasema kile chumba chenu wanakaa watu wengine. Yule dada wa Vihiga amehamia kazi nyingine, na saluni wanasema hawakujui. Bi Mishi yuko kwa dadake, hakuna anayetaka kuniambia wapi. Nimemwomba Zein safari hii asinirudishie. Akikosa wa kumpa, aiache tu pale bandarini Deira alipokuwa akifanya kazi Ubeid, labda Aiman atapita. Zein aliniangalia kwa huruma. Siku hizi wengi wananiangalia hivyo.

Nikuambie yaliyonipata. Mwezi wa Rajabu walikuja vijana wawili kutoka Mombasa, msichana na mvulana, vumbi mpaka kwenye kope kama ulivyosema. Hawakujua habari zangu. Nilimpeleka msichana nyuma ya pazia. Nikafungua kinywa nimwulize, nikashindwa. Nilijaribu mara tatu. Yule mtoto akaniuliza, "Sharifu, mzima?" Nikamwambia nendeni kwa mwingine, mimi siozeshi tena. Hakukuwa hata na mtu wa kuwapa kahawa. Pazia nimelishusha, Shangazi yako amelikunja ameliweka.

Ijumaa iliyofuata nilisimama tena msikitini. Nilisema, "Mwaka jana niliwaambia uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Binti yangu hakutoroshwa. Alitoroka, aliolewa, na mumewe ni Ubeid bin Salim, Mungu amrehemu." Safari hii hawakunijia kunipa mkono. Mmoja alisema mzee amechanganyikiwa na sukari. Wakatoka kwenda kula. Ule uongo waliupokea mara moja, Shifaa, na huu ukweli wamenirudishia kama zile barua za Zein. Kila nikipita kwa Bi Mishi naona komeo na kufuli. Nilivuka njia, kama ulivyoniomba. Ni nyumba tatu tu. Nilibisha kwa muda mrefu nikijua hayumo.

Na masala yako. Uliniuliza kama mtu anavyomwuliza mwenye elimu, nami nikayaweka kando nikakuandikia habari za chokaa. Nayajibu sasa. Wako wanazuoni wakubwa waliohukumu kwamba ndoa kama yako ni sahihi, na mimi nilikuwa nikiwajua siku zote. Niliwafungulia vitabu vyao mabinti wa watu. Kwa binti yangu nilivifunga.

Kwa hivyo sikia jibu langu. Wewe ni mjane wa Ubeid. Eda ilikuwa juu yako na uliikaa sawasawa. Rangi ya hina iliyoshika vidole vyako kwa kazi si urembo, si dhambi, usiisugue. Mtoto ni wa baba yake na aitwe kwa jina la baba yake. Na eda ya mwenye mimba inakwisha siku anapojifungua, kwa hivyo yako imekwisha, toka, vaa, geuza kioo.

Ila siku yenyewe uliyojifungua siijui. Wala sijui kama ulijifungua salama.

Baba yako,
Mahfudh